Kichwa Kisicho na Kidonda

Asubuhi katika shamba la Bwana Upesi ilianza kwa kelele. Nyapara Walubengo aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mkaratusi, na kambi nzima ya wafanyakazi ikaamka. Hilo Upesi halikuwa jina la kweli la mzungu yule. Watu walimwita hivyo kwa sababu neno moja halikukosa kinywani mwake: upesi.

Shamba lilikuwa upande wa Cheptiret, safari ya saa chache kwa gari la ng'ombe kutoka mji wa Eldoret. Ilikuwa miaka michache baada ya ile vita kuu ya pili.

Kavetsa aliwasha moto, akakoroga uji, akamwita mumewe.

"Baba Musimbi, uji umeiva."

Shitanda alikunywa akiwa amesimama, huku akimchekesha binti yao Musimbi. Alikuwa mtu wa furaha. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la ng'ombe, na hakuna aliyeiweza kama yeye. Alimjua kila ng'ombe kwa jina: Askari, Mapembe, Kijivu, Mzee Kobe na wengine wote. Akiita jina, ng'ombe mwenyewe alitega masikio na kuvuta. Mara nyingi mjeledi ulikaa begani bila kazi.

Kavetsa naye alifua nguo katika nyumba kubwa ya Bwana. Walitoka kwao Maragoli kutafuta maisha, na maisha waliyapata, madogo lakini matulivu.

Siku moja gari lilijazwa magunia ya mahindi ya kupelekwa stesheni Eldoret. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa utelezi mtupu. Walipofika kwenye kivuko cha mto, kamba ya magunia ililegea. Shitanda akapanda juu kuikaza. Gurudumu moja likaingia shimoni, gari likayumba, naye akaanguka chali. Kisogo chake kikagonga chuma cha gurudumu.

Alilala pale matopeni, macho wazi, lakini akiitwa haitiki.

Walubengo, aliyesafiri nao, alimmwagia maji. Baadaye kidogo Shitanda aliketi, akatazama watu kama mgeni. Walubengo alimpapasa kichwa, akatazama kiganja chake.

"Hakuna damu," akasema. "Huna kitu wewe. Inuka! Treni haingojei mtu."

Wakamwinua. Akaendesha gari hadi stesheni, akarudi. Watu walimwona kwa macho yao. Lakini jioni, alipoketi jikoni, alimwuliza Kavetsa:

"Leo nilifika mjini?"

"Si umetoka huko sasa hivi?"

"Aa." Baada ya muda mfupi akauliza tena: "Mama Musimbi, leo nilifika mjini?"

Kavetsa alidhani ni mzaha. Kisha Shitanda akatoka nje, akatapika. Kesho yake reli ilipogongwa alijikokota, akaenda kazini. Angefanyaje? Aliyekosa kazi alikosa posho.

Kuanzia hapo mtu yule akabadilika. Kichwa kilimuuma kila siku. Jua la mchana lilimchoma macho hata akatembea akiwa ameyafumba nusu. Usingizi ulimkimbia. Alitumwa nira akaleta mnyororo. Lililomuumiza zaidi ni kwamba alisimama mbele ya ng'ombe wake akayakosa majina yao. Alimwita Mapembe Kijivu, na Kijivu hakumwita kabisa. Ng'ombe walisimama wakimtazama, wakingoja.

"Mvivu," alisema Walubengo. "Ameshiba mahindi ya Bwana, sasa anajifanya mgonjwa."

"Ni pombe ya busaa," walisema majirani kambini. "Tazama anavyoyumba."

Hata kanisani mzee mmoja aliomba kwa sauti kubwa, bila kutaja jina, kwa ajili ya ndugu aliyerudia pombe. Kila mtu alijua ni nani. Shitanda hakuwa ameonja pombe tangu abatizwe.

Kavetsa alivumilia. Lakini jioni moja Musimbi aliangusha sahani ya bati sakafuni. Shitanda aliruka kama aliyepigwa. Akashika sufuria la ugali, akalirusha ukutani. Mtoto akapiga kelele, akajificha nyuma ya mama yake. Katika miaka yao yote pamoja, mtu huyu hakuwa amewahi kumkemea mtoto hata kwa jicho.

"Basi!" alisema Kavetsa. "Kesho mimi na mtoto tunarudi kwa mama. Ukae na hasira zako."

Asubuhi alifunga nguo katika leso. Alipotoka nje kutafuta viatu vya Musimbi, alimkuta Shitanda nyuma ya nyumba. Ameketi chini, amejifunika kichwa kwa gunia ili mwanga usimfikie. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Baba Musimbi?"

"Mimi si mvivu," alisema kutoka ndani ya gunia. "Wala sijanywa. Haki ya Mungu, kichwa changu kimejaa nyuki. Nataka kufikiri, nyuki wananizuia. Nataka kunyamaza, hasira inatoka peke yake. Tangu nianguke pale mtoni sijijui."

Tangu nianguke pale mtoni. Kavetsa alisimama na kiatu kimoja mkononi. Habari za kuanguka kule alizisikia kambini, lakini hakuwahi kuziunganisha na hasira hizi. Hasira iliyokuwa juu ya mumewe ilimtoka, lakini haikupotea. Iligeuka tu, ikawatazama watu wengine. Mtu ameanguka mbele ya macho ya watu, akazimia, akainuliwa kama gunia na kurudishwa kazini. Na wale wale walioona sasa wanamwita mlevi!

Akaifungua ile leso, akarudisha nguo mahali pake.

Ng'ambo ya ua wa shamba alikaa mama mmoja Mnandi, jina lake Chepngetich, ambaye Kavetsa alichukua maziwa kwake. Mumewe, Kimeli, alikuwa dresa, yaani msaidizi wa daktari, katika hospitali moja mjini. Wakati wa vita alikuwa dresa wa jeshi huko Burma. Kavetsa alimweleza Chepngetich kila kitu.

"Mlete Jumapili," alisema Chepngetich. "Mzee wangu atakuwa nyumbani."

Jumapili, baada ya kanisa, walikwenda. Kimeli hakuanza na dawa. Alianza na maswali. Ulianguka wapi? Unakumbuka nini kabla ya kuanguka? Na baada yake? Ulitapika? Mwanga unakuuma? Kelele? Alimtazama macho, moja baada ya jingine, kuona kama mboni zinalingana. Akamwambia atembee akifuata mstari uliochorwa chini. Akamtajia vitu vichache, wakaongea mambo mengine, kisha akamwuliza ni vitu gani alivyotaja. Shitanda alikumbuka kimoja tu.

"Shitanda," alisema Kimeli, "wewe si mvivu wala mlevi. Umeumia ubongo."

"Lakini hakukuwa na damu," alisema Kavetsa. "Wala uvimbe hakuwa nao."

Kimeli alimwomba mkewe kibuyu cha maziwa. Akakiinua, akakisukuma kwa nguvu na kukisimamisha ghafla. Maziwa yalisikika yakigonga huku na huku.

"Kibuyu kimepasuka?"

"Hapana."

"Lakini maziwa je? Yamerushwa, yamegonga ukuta. Ndivyo ilivyo kichwa. Fuvu ni gumu, ubongo ulio ndani ni laini. Kichwa kikigongwa, au hata mwili ukitikiswa kwa nguvu, ubongo unarushwa ndani yake. Unaumia bila fuvu kupasuka, bila damu kutoka. Wengine hata hawazimii. Wanasimama, wanatembea, wanasema hawana kitu. Huko Burma niliona askari waliorushwa na mabomu. Hawakuwa na kidonda. Maofisa waliwaita waoga, wakawarudisha mbele." Akakiweka kibuyu chini. "Wengine walikuwa marafiki zangu. Ndiyo maana siwezi kusikia mtu anasema hakuna damu, hakuna ugonjwa. Madaktari wanauita konkasheni. Sisi tuseme mtikisiko wa ubongo."

Kavetsa alishtuka. "Umesema neno gani?"

"Konkasheni."

Neno hilo alikuwa amelisikia. Mwaka uliopita ndugu yake Bwana Upesi, aliyeitwa Bwana Mdogo, aliangushwa na farasi. Daktari mzungu alikuja kwa motokaa, akasema neno hilo mlangoni, na memsabu, mke wa Bwana, akalirudia kwa huzuni: konkasheni. Mapazia yalifungwa. Mbwa wakapelekwa mbali. Wafanyakazi waliambiwa watembee bila viatu. Kavetsa mwenyewe alikaripiwa kwa sababu ndoo ilimponyoka ikalia. Hata ile reli haikugongwa; Walubengo alipita nyumba kwa nyumba akiamsha watu kwa mkono. Bwana Mdogo alipumzika hadi akapona, kisha wakafanya karamu.

Kavetsa alisimama.

"Kumbe wanaujua," alisema. "Kumbe ugonjwa huu wanaujua! Wa kwao alifungiwa pazia. Wangu alimwagiwa maji ya mto akaambiwa panda gari!"

Chepngetich alimshika bega, akamketisha.

"Atapona?" Kavetsa aliuliza mwishowe.

"Wengi hupona katika majuma machache, wakipumzika mapema," alisema Kimeli. "Huyu hakupumzika. Wengine maumivu hukaa miezi, na wengine mwaka au zaidi. Sitakudanganya kwamba kesho atakuwa yule wa zamani. Lakini anaweza kuwa na nafuu kubwa, na mnaweza kuishi vizuri. Nisikilize. Siku za kwanza mtu apumzishe mwili na akili, mahali patulivu. Baada ya hapo asilale tu kama maiti. Aanze kazi ndogo ndogo, akiongeza polepole. Kichwa kikianza kuuma, apunguze. Asinywe pombe. Na asipande tena juu ya lile gari! Kichwa kikigongwa mara ya pili kabla hakijapona, ni hatari kuliko mara ya kwanza. Anaweza kufa."

"Na hiyo hasira yake?"

"Ni sehemu ya ugonjwa, kama vile kikohozi ni sehemu ya homa ya mapafu. Hiyo haina maana kwamba mkae mkiumizwa. Ina maana mjifunze kuizuia mapema, nyinyi wote wawili." Kisha akamgeukia Kavetsa. "Hili nalo ulishike, uwaambie wenzako. Mtu akigongwa kichwa, kisha maumivu yakazidi badala ya kupungua, au akatapika tena na tena, au mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, au akapata degedege, au mkono au mguu ukalegea, au maji ama damu ikatoka puani au sikioni, au akalala haamshiki, msingoje hata kidogo. Mbebeni mbio hospitali."

Siku iliyofuata walikwenda hospitali pamoja na Kimeli. Daktari alimpima Shitanda kwa makini. Alikubaliana na Kimeli kwa kila neno, akaongeza kwamba asifanye kazi ya juu wala ya jua kali kwa miezi mingi.

Waliporudi, Walubengo alikuwa akiwangoja njiani.

"Umekosa kazi bila ruhusa," alimwambia Shitanda. "Nimeshamwambia Bwana. Ama kesho unapanda gari, ama mwisho wa mwezi mnatoka shambani, wewe na mke wako na mtoto."

Shitanda aliinamisha kichwa. "Nitapanda," alisema polepole. "Tutaenda wapi, Mama Musimbi? Nitapanda tu."

"Hupandi," alisema Kavetsa.

Hakupitia nyumbani kwanza. Alikwenda moja kwa moja hadi nyumba kubwa, akasimama mbele ya baraza, mahali ambapo wafuaji nguo hawakusimama. Bwana Upesi alikuwa akinywa chai na memsabu. Walubengo alimkimbilia Kavetsa nyuma, akihema.

"Nini tena?" alisema Bwana. "Sema, upesi."

"Bwana, mume wangu ni mgonjwa. Alianguka kutoka kwenye gari lako, akiwa kwenye kazi yako."

"Nyapara anasema hana kidonda."

"Ndiyo, Bwana. Na Bwana Mdogo, alipoangushwa na farasi, alikuwa na kidonda?"

Kikombe cha Bwana kilisimama hewani. Walubengo alimvuta Kavetsa mkono, naye akaunyakua.

"Mimi nilikuwa hapa," aliendelea. Sauti yake ilikuwa juu sasa, na hakujali. "Nilitembea bila viatu ili asisikie hatua zangu. Niligombezwa kwa ajili ya ndoo. Sikulalamika, alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wake uliitwa konkasheni. Daktari wa mjini amempima mume wangu leo, ugonjwa wake ni huo huo. Basi niambie, Bwana. Ubongo wa mzungu ni wa nyama na wa mume wangu ni wa mawe? Ukimpandisha tena kwenye gari akianguka atakufa, na safari hii hutasema hukujua, maana mimi nimekuambia mbele ya memsabu na mbele ya nyapara wako."

Bwana alisimama, uso mwekundu. "Toka! Toka hapa, upesi!"

Lakini memsabu alimshika mkono. Alisema naye kwa lugha yao, kwa sauti ya chini, kwa muda. Kavetsa hakuyaelewa maneno. Alisikia tu jina la Bwana Mdogo likitajwa, na tena.

Bwana aliketi. Hakumtazama Kavetsa. "Apumzike," alisema. "Halafu afanye kazi ya stoo. Atengeneze nira na kamba. Gari atapewa yule kijana Kituyi."

Hakusema pole, wala hakuuliza Shitanda anaendeleaje. Kavetsa alisema ahsante kwa sababu ilibidi, akashuka ngazi huku akilia kwa hasira. Alikuwa amepewa kwa shida kitu ambacho mwingine alikipata bila kuomba.

Shitanda alipumzika. Siku za kwanza alikaa ndani, mlango umerudishwa, na Musimbi alichezea kwa jirani. Kisha akaanza kutembea asubuhi kabla jua halijawa kali. Kisha stoo. Mwanzoni alifanya kazi kidogo, akapumzika, akafanya tena. Kavetsa alimshonea kofia ya ukingo mpana. Kila chombo stooni kilipewa msumari wake ukutani, na hakikuwekwa pengine, ili kusahau kusimsumbue. Alishika kazi moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine. Kanisani waliketi nyuma karibu na mlango, ngoma zikizidi atoke. Walipatana pia juu ya alama. Shitanda akisikia hasira inapanda, huinua mkono na kutoka hadi kwenye ua. Hakuna wa kumfuata wala kumwuliza. Akirudi, maongezi yanaendelea.

Mara ya kwanza alipoinua mkono, Musimbi aliogopa.

"Baba amekasirika na mimi?"

"Hapana," alisema Kavetsa. "Baba anakilinda kichwa chake. Na anakulinda wewe."

Nafuu ilikuja, lakini si kama mlango unaofunguliwa. Juma moja lilikuwa zuri, lililofuata baya. Mvua ya mawe ilipopiga mabati, ilibidi alale na mto juu ya masikio. Majina ya ng'ombe yalirudi, ila mawili hayakurudi tena, na gari hakuliendesha tena. Jioni nyingine Kavetsa alimkuta amesimama kando ya barabara, akimtazama Kituyi akipita na ng'ombe wale. Siku hizo hakumwambia neno la kumfariji. Alisimama naye tu.

Lakini watu kambini walijua sasa. Kavetsa alihakikisha. Alisema kisimani, alisema kanisani, na yule mzee aliyeomba juu ya pombe alimwomba Shitanda msamaha mbele ya wote. Walubengo hakuomba msamaha. Alipita mbali na stoo kwa miezi.

Baada ya mwaka hivi, ng'ombe walipokuwa wakifunguliwa nira ili waogeshwe dawa kwenye josho, mmoja aligeuza kichwa kwa nguvu na nira ikampiga Kituyi kwenye paji la uso. Kituyi alipiga magoti. Kisha akasimama akicheka, akanyoosha mkono kushika kamba.

"Si kitu," alisema. "Tuendelee."

"Kaa chini," alisema Walubengo.

"Nyapara, mimi ni mzima."

"Nimesema ukae chini!"

Kavetsa alikuwa akipita na ndoo ya nguo. Aliiweka chini, akaja.

"Kituyi, leo ni siku gani?"

"Ijumaa," alisema Kituyi, bado akicheka.

Ilikuwa Jumanne. Hakuna aliyecheka naye. Walimwongoza kivulini. Mmoja alikwenda mbio kumwita Kimeli, na Shitanda alitoka stoo akaketi kando ya Kituyi, akamtazama macho na kumzungumzia polepole.

Bwana Upesi alifika juu ya farasi wake. "Kwa nini kazi imesimama? Upesi!"

Walubengo alivua kofia, lakini hakuondoka mahali pake. "Kituyi amegongwa kichwa, Bwana. Hafanyi kazi leo. Wala kesho."

Bwana aliwatazama, mmoja mmoja, hata akafika kwa Kavetsa. Kisha akageuza farasi, akaenda zake.

Kituyi alipumzika kama Kimeli alivyosema. Haukupita mwezi, alikuwa ameshapona kabisa, akaendesha gari hadi Eldoret akiimba, na hakuna kitu alichosahau.

Siku hiyo Kavetsa na Shitanda walimwona akipita. Shitanda alikuwa na kofia yake, macho ameyakaza kidogo kwa sababu ya jua.

"Amepona," alisema Shitanda. "Nimefurahi."

"Mimi pia," alisema Kavetsa. Na ilikuwa kweli. Aliangalia vumbi la gari mpaka likatua.

"Kumwambia mtu kaa chini," alisema. "Baba Musimbi, ni hilo tu lililotakiwa siku ile. Kaa chini. Hata wewe ungeambiwa. Haikuwa kazi kubwa hata kidogo."